Nchi zisizoridhia Mkataba wa Wakimbizi bado zina wajibu wa kuwalinda

Serikali inapotangaza kuwa nchi yake haijaridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1951 Kuhusu Hadhi ya Wakimbizi, wananchi wengi huelewa kuwa nchi hiyo ina uhuru kamili wa kumfukuza mtu aliyekimbilia kwake. Uelewa huo hauna msingi katika sheria ya kimataifa. Nchi isiyoridhia mkataba huo haina ruhusa ya kumrudisha mtu mahali ambapo maisha yake yatakuwa hatarini au atateswa. Tofauti kati yake na nchi iliyoridhia huonekana zaidi baada ya mtu huyo kuruhusiwa kubaki.

Nchi 149 zimeridhia mkataba huo, Itifaki yake ya mwaka 1967 au vyote viwili. Miongoni mwa zilizobaki nje ni Bangladesh, India, Pakistan, Indonesia, Malaysia, Thailand, Jordan na Lebanon. Baadhi yake zimepokea wakimbizi wengi kuliko nchi nyingi zilizotia saini. Lebanon na Jordan zilifungua mipaka kwa Wasiria waliokimbia vita vilivyoanza mwaka 2011, na Pakistan imehifadhi Waafghani kwa zaidi ya miongo minne. Aidha, Bangladesh, India, Pakistan, Thailand, Jordan na Lebanon ni wajumbe wa Kamati Tendaji ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR).

Wajibu wa nchi hizo una vyanzo viwili vikuu. Cha kwanza ni sheria ya kimataifa ya desturi, yaani kanuni ambazo mataifa huzifuata kwa muda mrefu yakiamini kuwa yanabanwa nazo hata bila mkataba. Desemba 2001, nchi wanachama wa Mkataba wa 1951 zilizokutana Geneva zilitamka kuwa katazo la kumrudisha mkimbizi kwa nguvu limekita mizizi katika sheria hiyo. Chanzo cha pili ni mikataba mingine. Kifungu cha 3 cha Mkataba Dhidi ya Mateso wa mwaka 1984 kinakataza kumpeleka mtu yeyote katika nchi ambako kuna sababu za msingi za kuamini kuwa atateswa, na katazo hilo halina msamaha wowote. Bangladesh ilijiunga na mkataba huo mwaka 1998, sawa na Indonesia, na Thailand ikafuata mwaka 2007.

Mfano wa Bangladesh unaonesha jinsi wajibu huo unavyofanya kazi. Mwaka 2017, Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilisikiliza shauri la Warohingya watano waliokuwa wamemaliza vifungo vyao kwa kosa la kuingia nchini bila kibali, lakini wakaendelea kushikiliwa. Mahakama ilieleza kuwa, ingawa Bangladesh haijaridhia Mkataba wa 1951, misingi yake imekuwa sehemu ya sheria ya desturi inayozibana nchi zote, hivyo watu hao hawakupaswa kurudishwa Myanmar ambako maisha yao yangekuwa hatarini.

Miezi michache baadaye, operesheni za jeshi la Myanmar zilizoanza Agosti 25, 2017 katika Jimbo la Rakhine ziliwasukuma Warohingya zaidi ya 700,000 kuvuka mpaka kuingia Wilaya ya Cox's Bazar. Serikali ya Bangladesh haiwaiti wakimbizi. Katika nyaraka zake ni raia wa Myanmar waliohamishwa kwa nguvu. Hata hivyo, katika usajili wa pamoja na UNHCR ulioanza mwaka 2018, walipewa vitambulisho vinavyoeleza kuwa Serikali itawalinda dhidi ya kurudishwa kwa lazima. Ahadi hiyo ilipimwa mara mbili. Mipango ya kuwarejesha kwao ilitangazwa Novemba 2018 na Agosti 2019, mabasi yakaandaliwa, lakini hakuna aliyejitokeza kurudi, na hakuna aliyelazimishwa kupanda.

Pamoja na hayo, kutorudishwa ni hatua ya kwanza tu. Mkataba wa 1951 unaweka pia haki ya kufanya kazi, elimu ya msingi na hati za kusafiria. Nchi isiyoridhia haibanwi na vifungu hivyo. Warohingya wa Cox's Bazar hawaruhusiwi kuajiriwa rasmi, na watoto wao hawasomi katika shule za umma za Bangladesh. Maisha yao yanategemea misaada, na misaada ikipungua hawana njia halali ya kuziba pengo. Mwaka 2023, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lililazimika kupunguza mgao wa chakula kutoka dola 12 kwa mtu kwa mwezi hadi dola 10 mwezi Machi, kisha dola 8 mwezi Juni, kwa kukosa fedha. Mgao ulirejeshwa hatua kwa hatua kuanzia mwaka uliofuata.

Baharini, wajibu unaongezwa na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, unaotaka watu walio hatarini kuokolewa bila kujali hadhi yao. Mei 2015, boti zilizobeba maelfu ya Warohingya na Wabangladesh zilielea katika Bahari ya Andaman huku zikizuiwa kutia nanga. Wavuvi wa Aceh, Indonesia, walikuwa miongoni mwa waliowaokoa. Mei 20, Malaysia na Indonesia zilikubali kuwahifadhi watu 7,000 kwa muda, kwa sharti kwamba jumuiya ya kimataifa iwahamishie kwingine au kuwarejesha kwao ndani ya mwaka mmoja. Mwaka 2016, Rais wa Indonesia alitoa Kanuni Na. 125 inayoelekeza namna ya kuwaokoa na kuwahifadhi wakimbizi.

Ikumbukwe kuwa wajibu bila chombo cha kuusimamia huvunjwa kwa urahisi. Thailand ilitunga mwaka 2022 sheria dhidi ya mateso, ambayo pia inakataza kumrudisha mtu kwenye hatari hiyo. Februari 2025, Serikali yake iliwapeleka China Wauighur 40 waliokuwa wameshikiliwa kwa zaidi ya miaka kumi, ikieleza kuwa imehakikishiwa usalama wao. Umoja wa Mataifa ulilaani hatua hiyo. Nchini India, Aprili 2021, Mahakama ya Juu ilikataa kuzuia kurudishwa kwa Warohingya waliokuwa wakishikiliwa Jammu, ikitaka tu utaratibu wa kisheria ufuatwe.

Nchi hizo nazo zina hoja inayostahili kusikilizwa: mkataba huo haukuweka kiwango cha lazima cha kugawana mzigo. Afrika ililiona hilo mapema. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliopitishwa Addis Ababa Septemba 10, 1969 unazitaka nchi wanachama kuipunguzia mzigo nchi inayoelemewa na wakimbizi. Makubaliano ya Kimataifa Kuhusu Wakimbizi yaliyopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa Desemba 2018 yanalenga jambo hilohilo, ingawa hayabani kisheria.

Kwa mwananchi anayefuatilia matangazo ya serikali mbalimbali, kauli kwamba nchi fulani haijaridhia Mkataba wa 1951 inapaswa kuibua maswali mawili. La kwanza ni iwapo watu husika wanarudishwa mahali penye hatari, jambo ambalo kukosekana kwa saini hakulihalalishi. La pili ni nani anagharimia chakula, matibabu na elimu yao wakati wakisubiri. Serikali ya nchi mwenyeji ndiyo inayopaswa kujibu swali la kwanza. Swali la pili linazihusu pia nchi tajiri zilizoridhia mkataba huo lakini ziko mbali na mipaka inayovukwa.