Koili ya mbu ibaki nje ya hema

Haya, msimu wa kupiga kambi umefika, na kila kundi la vijana wetu hapa Uingereza lina mtu mmoja anayeuliza: "Nani analeta dawa ya mbu?" Si ya kupaka. Anataka koili, ile ya kuchoma, iliyojizungusha kama konokono. Tunaelewana. Ile harufu ni likizo kwa bibi. Lakini nasema wazi: isiingie ndani ya hema, hata dakika 10.

Najua jibu linalokuja. "Mbona bibi kaichoma miaka yote na yuko salama?" Sawa, lakini aliichomea wapi? Kwenye nyumba yenye madirisha wazi, mlango wa uani haufungwi mpaka usiku, koili iko sakafuni kwenye simenti. Kisha bibi mwenyewe akaenda kulala ndani ya chandarua. Sisi tumechukua koili, nyumba tumeiacha. Hema la watu wawili ni mfuko wa nailoni, na zipu mmeifunga kwa sababu ya baridi. Moshi utaenda wapi kama si kwenye mapafu yenu?

Na si moshi kidogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulipima koili za China na Malaysia, ukakuta koili moja inatoa chembe laini za moshi sawa na sigara 75 hadi 137. Hapo umelala na mdogo wako mwenye pumu! Halafu ncha ya koili ni kaa la moto. Mtu akigeuka usingizini, begi la kulalia likaigusa, mnaamka na balaa.

Wengine wanajitetea kwamba ni "kitu cha asili". Kweli, ilianza na ua la pareto: Wajapani walilisaga wakatengeneza vijiti vya kuchoma, kisha wakavizungusha ili viwake muda mrefu zaidi. Pareto inalimwa hata kwetu, Nakuru na Mufindi. Ila koili nyingi za dukani leo zina kemikali za kiwandani zilizoiga ua hilo. Na hata ingekuwa ua tupu, moshi ni moshi.

Tujiulize pia tunamkimbia nani. Ukipiga kambi nyanda za juu za Scotland kiangazi, anayekusumbua zaidi ni usubi, kidudu kidogo kuliko mbu. Anauma, anawasha, atakuharibia chai yako ya jioni, lakini hakuletei malaria. Mtu wa Tanga anapima moshi dhidi ya malaria. Wewe Fort William unapima moshi dhidi ya kujikuna. Hesabu hizo si moja.

Sasa tufanyeje? Usubi hawezi upepo, kwa hiyo piga hema mahali penye upepo kidogo, mbali na maji yaliyotulia na majani yenye unyevu. Vaa mikono mirefu jioni na alfajiri, ndipo anapotoka kwa wingi. Jipake dawa. Nunua wavu wa kichwa wenye matundu madogo sana, maana wavu wa kawaida wa mbu usubi anapenya. Mkitaka koili, iwasheni nje mnapokula, juu ya kibati au jiwe, mbali na hema, na muizime kabisa kabla ya kulala. Upepo ukivuma haisaidii sana, lakini upepo ukivuma usubi naye hayupo.

Anayetaka kuishi kama bibi kambini na achukue kilichomlinda bibi kweli: chandarua. Hema lako tayari lina wavu mlangoni. Ufunge mapema, kabla ya magharibi, ulale unavuta hewa safi.

Unabisha? Tutumie ujumbe wa sauti, tubishane kwenye kipindi kijacho.