Tupime Kabla ya Kuilaumu Tabo

Gari kuukuu la dizeli lenye tabo halipotezi nguvu kwa siku moja. Hupungukiwa kidogo kidogo, hata dereva akazoea. Siku linaposhindwa kupanda kutoka Musoma kwenda Butiama, hukumu hutolewa upesi: "Tabo imekufa!" Mwenye gari hununua nyingine, na ubovu ukabaki palepale.

Tabo huzungushwa na moshi wa injini, nayo husukuma hewa silindani. Basi tuanze na njia ya hewa: chujio lililozibwa na vumbi, au bomba la mpira lililopasuka. Kisha tuchunguze chujio la mafuta, na hatimaye tabo yenyewe. Moshi mweusi mara nyingi huashiria upungufu wa hewa. Wa buluu, oili inayoungua.

Walimu wa Bunda na kwingineko, wafundisheni vijana kupima: mlima uleule, mzigo uleule, saa mkononi. Sayansi isiyofika gereji haijatimiza wajibu wake.