Pesa Mkononi mwa Maskini Haizai Uvivu

Jumapili iliyopita mhubiri mmoja alisimama mimbarini akatuonya: mtu akipewa pesa bure huwa mvivu, na bei hupanda. Kanisa zima likaitikia amina. Mimi nilinyamaza kwa hasira, na hasira hiyo bado ninayo.

Mwaka 1969 mwanauchumi Milton Friedman alitoa mfano wa helikopta inayowamwagia watu noti kutoka angani. Ukiutaja leo, utatajiwa Zimbabwe na noti yake ya dola trilioni 100 ya mwaka 2009. Lakini Zimbabwe ilichapa noti kugharamia serikali wakati mashamba yamelala. Bibi anayeishi katika nyumba ya nyasi ana kosa gani hapo?

Twendeni Siaya, magharibi mwa Kenya. Shirika la GiveDirectly lilizipa huko kaya zaidi ya 10,000, zote za nyumba za nyasi, takriban dola 1,000 za Marekani kila moja. Watafiti waliofuatilia vijiji 653 walikuta bei zimepanda kwa asilimia 0.1 hivi tu. Kila dola iliyoingia ilizaa shughuli za kama dola 2.5 katika eneo lile. Hata majirani ambao hawakupewa kitu walinufaika.

Sababu naijua, nimeiona kwa macho. Shangazi yangu hupata shilingi 2,000 za wazee kutoka serikalini. Siku ya malipo nilimsindikiza dukani. Mwenye duka akafungua daftari la madeni, akalipigia mstari deni la sukari na mafuta ya taa. Tukiwa bado pale, noti ya shangazi ikamlipa kijana wa bodaboda aliyeleta mikate, naye akavuka barabara kwenda kwa fundi wa pancha. Noti moja ilifanya kazi tatu kabla ya saa sita mchana. Uvivu uko wapi?

Eti watainywa! Wanaosema hivyo hulipwa marupurupu ya kukaa vikaoni, na hakuna anayekagua wanachokunywa. Barabara yetu ina mashimo, vikao haviishi, halafu anayechunguzwa ni ajuza wa shilingi 2,000.

Pesa ya maskini hailali. Wazee walipwe kwa wakati, na waongezewe. Nawe mhubiri, njoo siku ya malipo, keti kwenye benchi la duka lile, uhesabu mikono inayopitiwa na noti moja. Kisha Jumapili urudi mimbarini utueleze ulichoona.