Mtaalamu wa Sanaa na Ngome ya Karema

Mwanafunzi wa Kawajense anayetaka kujua yaliyotendeka katika ngome ya Karema, iliyo ndani ya mkoa wake wa Katavi, hana budi kwanza awe hodari wa Kiingereza. Simulizi lenye kina tunalolifahamu limo katika kitabu A Dance of Assassins, cha mwaka 2013, kilichoandikwa na Profesa Allen F. Roberts wa Marekani.

Mtaalamu huyu alisomea anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Chicago, na baadaye alifundisha sanaa za Afrika huko Los Angeles. Lakini shule yake hasa ilikuwa kijiji. Kati ya mwaka 1973 na 1977 aliishi miongoni mwa Watabwa, ng'ambo ya pili ya Ziwa Tanganyika, akisikiliza wazee. Mwaka 1985, yeye na Evan Maurer walitoa kitabu juu ya sanaa ya Watabwa.

Kilichomshughulisha zaidi ni sanamu moja ya mti. Émile Storms, ofisa wa Kibelgiji, alikuwa mkuu wa kituo cha Karema, kilichoanzishwa mwaka 1879 na shirika la Mfalme Leopold wa Pili. Mwaka 1883 alivuka ziwa akajenga kituo cha Mpala, na mwezi Desemba 1884 watu wake wakamwua chifu Lusinga. Kichwa cha chifu na sanamu yake vikapelekwa Ubelgiji. Lusinga naye hakuwa malaika: aliuza watu ili apate bunduki, na Profesa hakulificha jambo hilo. Sanamu ilikaa nyumbani kwa Storms kama pembe za mnyama aliyewindwa. Sasa imo katika makumbusho ya Tervuren. Sanamu ya Storms mwenyewe iliondolewa katika bustani moja ya Brussels mwaka 2022.

Ndugu zetu wa Visiwani wasidhani kuwa habari hizi ni za bara tu. Misafara ya shirika hilo iliandaliwa Unguja, na wapagazi na askari wake wengi waliajiriwa huko.

Tunaziomba Wizara zinazohusika na elimu na utamaduni, za Muungano na za Zanzibar, zitafute idhini ya kukitafsiri kitabu hicho kwa Kiswahili, na nakala za kwanza zifike katika shule za Mpanda, Unguja na Pemba.