Yaliyofutika Yaokolewe na Nani?

Maji yakimwagika hayazoleki, walinena wahenga. Lakini wao hawakuiona kompyuta. Mtu akifuta faili humo, mara nyingi kilichoondoka ni anwani yake tu. Yaliyoandikwa husalia mpaka mengine yaandikwe juu yake.

Kwa hivyo, diski ikiwa nzima na faili imefutwa kwa bahati mbaya, sioni ubaya wa mwenyewe kujaribu. Ila aache kuitumia mara moja, na programu ya kuokolea aiweke katika diski nyingine, asije akafunika kile akitafutacho. Diski za SSD nazo hazingoji. Nyingi hujisafisha upesi.

Bali diski ya kuzunguka ikianza kugonga kwa ndani, ujanja wa nyumbani na ukome. Vichwa vyake vya kusomea huelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo kuliko chembe ya vumbi. Anayeifungua mezani kwa bisibisi anaua alichotaka kuponya. Aizime, aipeleke kwa fundi wa kazi hiyo.

Gharama ni kubwa, kweli. Basi na ajiulize: kilichomo chaweza kupatikana kwingine? Filamu ina nakala tele. Lakini sauti ya nyanya akiimba nyimbo za arusi, naye ameshafariki, haiuzwi sokoni. Kuichezea diski kama hiyo ni kumzika nyanya mara ya pili. Asiye na fedha leo aiweke kabatini bila kuiwasha, mpaka azipate.