Uroho wa Upana

Imekita mizizi baina ya wapiga picha watumiao kamera za kidijitali za renjifainda itikadi kwamba kadiri lenzi izidivyo kuwa pana, na upenyo wake wa nuru kuwa mkubwa, ndivyo mwenye nayo aonavyo zaidi. Na kwa ajili ya itikadi hiyo watu hutoa mali nyingi kununua lenzi ya milimita 21 yenye upenyo wa f/1.4, wakiyakini kwamba wamejiongezea macho. Itikadi hii ni batili, na picha inazoziharibu ni nyingi kuliko inazozipamba.

Ilikuwa na udhuru wake zamani. Kamera ya renjifainda ya Leica M8 ilipotoka mwaka 2006, kihisi chake cha nuru kilikuwa kidogo kuliko fremu ya filamu, hata lenzi ya milimita 28 ikaona kama ya 37, na aliyetamani upana wa 28 hakuwa na budi kutafuta ya 21. Mwaka 2009 ikaja M9 yenye kihisi kamili cha milimita 24 kwa 36. Udhuru ukatoweka, itikadi ikabaki.

Mtumiaji wa kamera ya renjifainda hatazami kupitia lenzi, bali kupitia dirisha dogo lililo juu yake, ambamo mistari ya nuru humbainishia mipaka ya picha. Katika M9 mistari hiyo hukoma kwenye milimita 28, nayo huwa imekaribia ukingo mno hata mvaa miwani huipata kwa taabu. Anayevuka hapo hulazimika kupachika kioo kingine juu ya kamera, apime umbali katika dirisha moja, kisha ahamishe jicho apange picha katika jingine, ilhali mtu aliyekuwa akicheka mbele yake amekwisha kufumba kinywa. Tena lenzi nene huziba pembe ya dirisha, ikamnyima mwenyewe kile alichoinunulia kamera.

Na huo upenyo mkubwa, wa nini? Lenzi ya milimita 28 iliyowekwa upenyo mdogo wa f/8 na kulengwa mita 3.3 hutoa picha iliyo wazi tangu mita 1.6 hadi upeo wa macho, pasipo kuigusa tena. Mpiga picha Garry Winogrand alipiga umati wa barabara za New York kwa Leica na lenzi ya milimita 28, na hakuna azitazamaye picha zake akalalamika kwamba zimepungukiwa upana.

Ataniambia mtu kwamba vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja ni vyembamba, na ukuta haurudi nyuma. Ni kweli, na huyo namruhusu milimita 21. Lakini na achukue iliyo ndogo, ya f/4, iliyosanifiwa kwa kihisi cha kidijitali, kwani zile za enzi ya filamu kama Super-Angulon, ambazo kioo chake cha nyuma huzama karibu mno na kihisi, hupeleka nuru pembezoni kwa mshazari na kuzitia kingo za picha rangi ya zambarau.