Jaribu roketi, lakini shusha mzigo kwanza



Kila roketi inapolipukia ardhini, picha huzunguka mtandaoni na watu huanza kucheka. Ilikuwa hivyo usiku wa tarehe 18 Juni 2025, chombo cha Starship kilipolipuka kule Texas kikitayarishwa kwa jaribio la kuwasha injini. Mimi simo katika kundi la wanaocheka. Jaribio lipo ili kitu kivunjike mbele ya mafundi, si kikiwa na abiria angani. Lakini kuna mlipuko mmoja ambao hata sisi huku tulikuwa na haki ya kuukasirikia.

Tarehe 1 Septemba 2016 Mark Zuckerberg alikuwa Nairobi. Alifika iHub, akala ugali na samaki pale Mama Oliech pamoja na Joseph Mucheru, aliyekuwa waziri wa ICT wakati huo. Siku hiyo hiyo, saa kumi na dakika saba alasiri kwa saa zetu, roketi ya Falcon 9 ya SpaceX ililipuka Cape Canaveral, Florida. Safari ilikuwa bado siku mbili. Roketi ilikuwa inajazwa mafuta kwa ajili ya jaribio tu, na injini zilikuwa ziwashwe baada ya dakika nane hivi.

Juu yake ilikuwa imefungwa setilaiti ya AMOS-6, mali ya kampuni ya Spacecom ya Israeli, thamani yake karibu dola milioni 200. Facebook na Eutelsat walikuwa wamekubali kukodi sehemu yake kwa dola milioni 95 kwa miaka mitano, wapeleke intaneti sehemu kubwa za Afrika kusini mwa Sahara. (Kama intaneti inayochaguliwa na Facebook ni intaneti kweli, hilo tutabishana siku nyingine.) Hakuna mtu aliyeumia, lakini setilaiti iliteketea.

Sasa niulize kama mtu anayeandika programu: kuwasha injini kwa sekunde chache kunahitaji setilaiti ya nini? Hakuihitaji hata kidogo. Ilipandishwa mapema ili kuokoa muda. Ni kama kujaribu programu mpya kwenye seva ya wateja, Ijumaa jioni, kwa sababu kuandaa seva ya majaribio kunachelewesha kazi. Sote katika kazi hii tunajua mambo hayo huishia wapi, na bado kila ofisi ina bosi wa kukuambia, "Fanya tu, ni kitu kidogo."

Chanzo chenyewe kilikuwa kidogo kweli. Ndani ya tangi la oksijeni la hatua ya pili mna mitungi ya heliamu, alumini kwa ndani na nyuzi za kaboni kwa nje. Wachunguzi waligundua kwamba alumini hiyo hupata mikunjo, na oksijeni ya maji hupenya ikakaa kati yake na kaboni. Heliamu nayo iliingizwa ikiwa baridi kiasi cha kuweza kugandisha oksijeni. Nyuzi zikisuguana, moto unawaka. Kutoka dalili ya kwanza kwenye vipimo hadi data kukatika zilipita milisekunde 93. Ukipepesa jicho, umekosa. Kupata hitilafu katika muda huo ni kazi ya kuvuliwa kofia, na hapo nawapa heko.

Lakini angalia gharama. Falcon 9 haikuruka tena hadi tarehe 14 Januari 2017. Jukwaa lililoungua lilirudi kazini Desemba 2017. Kampuni ya Kichina, Beijing Xinwei, ilikuwa imekubali kuinunua Spacecom kwa dola milioni 285 kwa sharti kwamba AMOS-6 ifike salama, mpango ukafa. Spacecom walirushiwa AMOS-17 Agosti 2019, bila malipo, karibu miaka mitatu baadaye. Yote hayo kwa kuokoa siku moja au mbili! Roketi iliyofuata, SpaceX waliijaribu bila mzigo wa mteja.

Linganisha na tarehe 20 Aprili 2019. Chombo cha Crew Dragon, ambacho kilikuwa kimetoka kituo cha anga mwezi mmoja tu kabla, kilisambaratika ardhini injini zake za kuokoa wanaanga zilipokuwa zinajaribiwa. Kemikali ilikuwa imevuja kupita kwenye vali ya titani, shinikizo lilipopanda vali ikashika moto. Aibu kubwa, magazeti yaliandika sana. Lakini ndani hamkuwa na mtu. Vali hizo zilibadilishwa, na tarehe 30 Mei 2020 Doug Hurley na Bob Behnken wakapanda chombo cha aina hiyo. Mlipuko huo nauita kazi nzuri.

Tena mlipuko wa 2016 uligusa watu moja kwa moja, kwa sababu SpaceX walitaka kujaza mafuta wanaanga wakiwa tayari wameketi juu. NASA walikubali mwaka 2018, baada ya ubishi mrefu. Hapo mzigo haushushwi. Kinachobaki ni ngao: injini za kuwarusha mbali na moto, zile zile zilizolipuka 2019. Ndiyo maana ilikuwa bora zilipuke tupu.

Na sisi? Setilaiti yetu ya Taifa-1, iliyogharimu shilingi milioni 50, ilipanda Falcon 9 tarehe 15 Aprili 2023 kutoka Vandenberg, California. Zitafuata nyingine. Wakubwa wetu wakienda kutia sahihi, ningependa waulize jambo moja kabla ya bei: siku ya kujaribu injini, setilaiti yetu itakuwa wapi? Na jibu liandikwe kwenye mkataba.